Tiketi ya Mama

Tulilipia Tshivanga, kwenye dirisha la mbao,
watu wawili, wakaazi wa Bukavu.
Karani akauliza: "Ngagi?"
Nikamwambia hapana, Bugulumiza tu,
kupanda na kushuka kabla ya mvua ya saa nane.
Mama alikunja risiti yake mara nne,
akaitia kwenye ncha ya kitenge, akapiga fundo
kama pesa ya chumvi.

Alivaa raba nyeupe za kaka yangu,
kazijaza magazeti vidoleni.

Kiongozi wetu, Cikuru, panga mkononi,
alikuwa na jina la kila kitu:
ule wenye ndevu za kuvu, hagenia;
hii usiiguse, ni upupu;
yule anayepiga kelele ni shorobo, hana adabu.
Kila penye uwazi kati ya miti alisimama,
akanyoosha mkono kama mwenye nyumba:
"Picha nzuri hapa."
Nikapiga.
Mama hakugeuka. Alikuwa akisoma njia,
mzizi, tope, jiwe, mzizi.

Kwetu Bushi mzigo haukai utosini.
Hukaa mgongoni, na kamba hupita pajini.
Paji likivutwa, shingo inainama,
na shingo ikiinama, dunia nzima
ni visigino vya aliyetangulia.
Miaka kumi na mmoja mama alipita humu na mianzi,
gizani, mpaka soko la Miti,
na mimi nikasoma, darasa baada ya darasa,
mwanzi kwa mwanzi.
Ukimtazama vizuri utaona
mfereji mdogo chini ya nywele, kamba ilipolala.
Watoto wa kaka huupitisha kidole wakidhani ni kovu.

"Baba yangu alikuwa mlinzi hapa," Cikuru alisema.
"Namjua," mama akajibu bila kuinua uso.
"Koti la kijani, halina kifungo hata kimoja.
Alinikimbiza mara tatu.
Hakujua kukimbia kwenye tope, Mungu amrehemu."
Cikuru akacheka.
Kisha akanyamaza.
Kisha akamwomba mama kimfuko chake cha viazi,
akakibeba yeye.

Miti ilikwisha ghafla, tukaingia kwenye nyasi na upepo.
Kahuzi alikuwa amejifunika wingu hadi mabegani,
Biega amelala upande wake, hana habari na mtu.
Chini, chai ya Kavumu imekatwa sawasawa
kama nywele za mtoto siku ya ubatizo,
halafu ziwa,
halafu Idjwi katikati ya ziwa, rangi ya bluu iliyofuliwa sana.
Mji wetu hauonekani. Upande ule kuna moshi tu,
nikauonyesha moshi, nikasema: Kadutu.

Sikujibiwa.
Mama alikuwa nyuma, hatua ishirini chini ya kilele,
kaupa ule uzuri wote mgongo wake.
Amepata jiwe.
Jiwe la kawaida, urefu wa kiuno, juu limelainika.
"Hapa nilikuwa naegemeza," akasema.
"Ukiegemeza hapa kamba inalegea yenyewe,
huhitaji kuivua."
Akageuka, akaliegemea na mgongo mtupu,
akainua kidevu taratibu,
kama mtu anayehofia dari.

Alitazama muda mrefu. Cikuru alivua kofia, sijui kwa nini.

"Lile ziwa," mama akasema,
"lilikuwa hapo siku zote?"
"Lilikuwepo, mama."
"Mm."
Akamenya kiazi.

Tulipokuwa tunashuka aliokota ukuni mmoja, mkavu, mzuri.
Cikuru alikohoa: "Mama, humu hakitoki kitu."
"Najua, mwanangu. Mkono tu."
Akauweka kando ya njia,
akaunyoosha, kichwa kikielekea kijijini,
kama mtu atakayepita tena kesho asubuhi.

Mvua ilitukuta kwenye mianzi,
saa saba na nusu.